Bega la kushoto limeganda: je, mkono uvutwe au upumzishwe?

Mwalimu wa Tanga ameuliza:

Assalamu alaykum, na habari za wakati huu kwa nyote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka 52, na ninaishi Tanga. Bega langu la kushoto lilianza kuuma kabla ya mwezi wa Ramadhani, bila kuanguka, bila kupigwa na bila kubeba kitu kizito. Mwanzoni kilikuwa kichomi kidogo kila nilipopeleka mkono mgongoni kufunga sidiria, kisha maumivu yakazidi wiki hadi wiki, na baadaye mkono wenyewe ukaanza kugoma.

Hivi sasa siwezi kujifunga kanga bila kusaidiwa, siwezi kusuka wala kuchana nywele zangu, na katika swala mkono wa kulia hufika usawa wa sikio wakati wa takbira huku wa kushoto ukiishia kifuani. Usiku ndio unaonitesa kuliko yote. Nikigeukia upande wa kushoto usingizini ninaamka kwa maumivu yanayoshuka mpaka karibu na kiwiko, na baada ya hapo sipati tena usingizi hadi alfajiri. Mchana mtoto akinivuta mkono ghafla darasani, inanibidi nisimame kwanza nikiwa nimeushika huku machozi yakinilengalenga, ndipo niendelee kufundisha.

Nilipigwa picha ya eksirei nikaambiwa mifupa ni mizima. Nilichomwa sindano za kutuliza maumivu za makalioni nikapewa na vidonge, nikapata nafuu ya siku mbili tatu. Mhudumu mmoja aliniambia ni baridi yabisi, mwingine akasema ni dalili za umri. Nyumbani nako nimepata ushauri wa aina mbili unaopingana. Shangazi yangu hunipeleka kwa mama mmoja anayekanda viungo, ambaye hunipaka mafuta ya moto kisha huuvuta mkono kwenda juu mpaka nilie, akisema kwamba pasipo kuuvunja ule ukavu bega halitafunguka. Kila nikitoka kwake, usiku unaofuata huwa mbaya zaidi. Kaka yangu, kinyume chake, ananisihi niuning'inize mkono kwa kitambaa shingoni na nisiuguse kabisa mpaka maumivu yaishe. Wote wawili wananitakia mema na sipendi kumvunjia heshima yeyote, lakini siwezi kuwafuata wote kwa wakati mmoja.

Naomba msaada wa wenye ujuzi au waliopitia hali hii. Je, mkono uvutwe au upumzishwe? Nilale vipi? Je, ni salama kuchomwa sindano ndani ya bega lenyewe, kama nilivyosikia wengine wanavyofanyiwa? Na je, nitaweza tena kuandika juu ya ubao na kujifunga mwenyewe? Niongeze kwamba dada yangu wa kuzaliwa naye ana kisukari. Mimi sijawahi kupima.

---

Fizio wa Moshi amejibu:

Pole sana, mwalimu. Ninafanya kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na mabega ya namna yako ninayaona mara kwa mara. Siwezi kukupima nikiwa mbali, kwa hiyo chukua maelezo yangu kama maandalizi ya kwenda kupimwa, lakini dalili ulizozieleza kwa umakini mkubwa zinafanana sana na ugonjwa unaoitwa bega lililoganda.

Kiungo cha bega kimezungukwa na kifuko chembamba cha nyuzi ambacho kwa kawaida huwa kimelegea, hasa upande wa chini kuelekea kwapani, na ulegevu huo ndio unaoruhusu mkono uinuke na kuzunguka. Katika ugonjwa huu kifuko hicho huvimba kwa ndani, kisha huwa kinene, kikakaza na kusinyaa, mithili ya kitambaa kilichorudi baada ya kufuliwa. Mifupa haina kosa, na ndiyo sababu picha ya eksirei ilionekana safi; picha hiyo husaidia kuondoa shaka ya mvunjiko, ya kiungo kuhama mahali pake au ya kulika kwa kiungo, lakini kifuko chenyewe hakionekani humo.

Kuna jaribio dogo linalotusaidia kutofautisha. Kaa, bana viwiko vyote viwili mbavuni huku umevikunja, halafu peleka viganja nje kama mtu anayefungua milango miwili kwa mpigo. Mkono mzima utakwenda mbali. Mkono wenye bega lililoganda utakwama mapema sana. Kisha mtu mwingine ausukume polepole huku wewe ukiwa umeulegeza kabisa. Kama unakwama palepale hata anapousukuma yeye, basi kizuizi kimo ndani ya kiungo. Kwa mtu aliyechanika kano za misuli ya bega, mara nyingi yeye mwenyewe hushindwa kuuinua mkono lakini mwenzake akiuinua unakwenda.

Sasa nije kwenye swali lako kuu, kwa sababu jibu lake linategemea uko hatua gani. Ugonjwa huu una vipindi vitatu ambavyo huingiliana. Kipindi cha kwanza ni cha maumivu, ambapo bega linauma hata ukiwa umepumzika, linauma zaidi usiku, na uwezo wa kulitumia unapungua. Kinaweza kuchukua wiki chache hadi miezi tisa hivi. Cha pili ni cha kukaza: maumivu ya kupumzika yanapungua, usingizi unarudi, lakini mkono umefungwa, nacho huchukua miezi minne hadi 12. Cha tatu ni cha kufunguka, ambapo mwendo hurejea kidogo kidogo kwa muda wa miezi sita hadi miaka miwili. Vitabu havikubaliani kabisa juu ya muda huo, na mimi mwenyewe nimeona tofauti kubwa kati ya mgonjwa na mgonjwa.

Kwa usiku unaoueleza, wewe ungali katika kipindi cha kwanza. Katika kipindi hicho kuvuta kwa nguvu kunachokoza kifuko ambacho tayari kimevimba, na maumivu ya usiku baada ya kukandwa ni bega lako likikueleza hilo waziwazi. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti kutoka Uholanzi uliowafuatilia wagonjwa 77 kwa miaka miwili: baadhi walinyooshwa kupita kiwango cha maumivu, na wengine walifundishwa kufanya mazoezi mepesi ndani ya mipaka ya maumivu huku wakiendelea na shughuli wanazozimudu. Katika kundi la mazoezi mepesi, asilimia 89 walifikia matumizi ya bega yaliyo ya kawaida au karibu na kawaida bila maumivu makubwa. Katika kundi la kunyooshwa kwa nguvu ilikuwa asilimia 63. Ni utafiti mdogo, lakini unalingana na ninayoyaona kila siku kazini.

Hata hivyo, ushauri wa kaka yako nao ukifuatwa mpaka mwisho una madhara. Mkono unaoning'inizwa shingoni kutwa nzima kwa miezi hukaza zaidi, misuli hudhoofika, na shingo na bapa la bega huanza kuuma kwa kufanya kazi isiyo yao. Kwa hiyo usiuvute na usiufunge. Uutumie chini ya usawa wa bega kwa kazi nyepesi, na mara tatu hadi tano kwa siku uupe dakika chache za mwendo wa upole.

Anza na zoezi la kuning'iniza. Simama kando ya meza, uegemee kwa mkono mzima, uiname kiasi, uache mkono mgonjwa uning'inie kwa uzito wake, kisha uyumbishe mwili wako taratibu ili mkono ufuate kwenda mbele na nyuma, halafu kwa mizunguko midogo. Anayeyumba ni mwili, mkono unafuata tu. Wagonjwa wengi huuzungusha mkono kwa misuli ya bega na hapo faida inapotea. Baada ya hapo kaa mezani, weka viganja juu ya kitambaa kilichokunjwa, uviteleze kwenda mbele huku ukiinamisha kifua, uishie pale unapoanza kuhisi kuvutwa, upumue, kisha urudi. Zoezi la tatu hufanywa kwa fimbo au mpini wa ufagio: viwiko vibaki mbavuni, na mkono mzima uusukume mkono mgonjwa kwenda nje polepole. Tanguliza maji ya uvuguvugu au kitambaa cha moto kiasi kwa dakika kumi, kwa kuwa misuli iliyopashwa hulegea kwa urahisi zaidi.

Kipimo chako kiwe hiki: kuvutwa kidogo wakati wa zoezi kunakubalika, mradi kutulie muda mfupi baada ya kumaliza. Ukiona usiku umekuwa mbaya zaidi, punguza kesho yake, lakini usiache kabisa. Kupanda ukuta kwa vidole na kuvuta kanga nyuma ya mgongo kwa mkono mzima yatafaa baadaye, usingizi wako ukisharudi.

---

Fundi Cherehani wa Mombasa amejibu:

Pole sana, dada yangu. Mimi ni fundi wa nguo, nina kisukari, na nilipatwa na bega hili upande wa kulia, ambao ndio mkono wangu wa kazi. Aliyekueleza hapo juu amesema yote ya kitaalamu, kwa hiyo nitakueleza namna ya kuishi nalo, kwa sababu miezi ni mingi na maisha hayasimami.

Kuhusu kulala, bega huuma zaidi kiwiko kinapodondoka nyuma ya usawa wa mwili. Ukilala chali, kunja kanga mbili au tafuta mto mwembamba uuweke chini ya mkono wa juu mpaka kwenye kiwiko, ili kiwiko kiwe juu kidogo kuliko godoro, na kiganja kipumzike tumboni. Ukilala kwa upande wa kulia, kumbatia mto mnene mbele ya kifua na uulaze mkono wa kushoto juu yake. Weka mto mwingine mgongoni ili usibingirike. Nilikuwa nikimeza dawa ya maumivu niliyoandikiwa kiasi cha saa moja kabla ya kulala badala ya kungoja niamke nikiugulia, na hilo lilinipa angalau nusu ya kwanza ya usiku.

Kuvaa kuna utaratibu wake. Mkono mgonjwa uingie kwanza kwenye nguo na utoke mwisho. Blauzi za kuvutia kichwani ziweke kando. Vaa dera lenye shingo pana na makwapa mapana, au gauni lenye vifungo mbele. Sidiria ifunge kwa mbele, chini ya matiti, kisha uizungushe, au mwambie fundi akuhamishie vibanio vije mbele. Mimi nimewafanyia hivyo wateja kadhaa wenye tatizo hili na wasio nalo, na kazi yenyewe haichukui muda mrefu. Kwa mtandio, tumia ule wa kushonwa tayari usiohitaji pini ya nyuma. Nyumbani, teremsha vyombo unavyotumia kila siku kutoka rafu ya juu. Sufuria la wali liburute kwenye jiko, usilinyanyue kwa mkono mmoja, na ugali mwachie mtu mwingine ausonge kwa muda, kwani ule msukumo wa mwiko hufika moja kwa moja begani.

Kuhusu sindano ndani ya kiungo, nilichomwa, na nitakueleza nilichokiona. Maumivu ya usiku yalipungua sana ndani ya siku chache na nikaweza kufanya mazoezi ambayo kabla ya hapo yalikuwa hayawezekani. Bega halikufunguka kwa sindano peke yake, lilifunguka polepole baadaye kwa mazoezi. Sukari yangu ilipanda kwa siku kadhaa hata nikiwa nimekula vilevile kama kawaida, na kwa bahati daktari alikuwa amenitahadharisha, hivyo nilikuwa nikipima asubuhi na jioni na kumpigia simu. Kwa hiyo, dada, nakusihi: pima sukari yako kabla mtu yeyote hajakuchoma chochote. Una umri ule, una ndugu mwenye kisukari, na bega hili ni miongoni mwa mambo yanayowafanya madaktari wamshuku mtu sukari.

Lingine ni la moyo. Ugonjwa huu hauonekani. Mkono hauna bandeji wala jeraha, kwa hiyo watu hudhani unadeka. Waeleze walimu wenzako na mkuu wa shule kwa maneno ya wazi kwamba kuna kazi ambazo huziwezi kwa sasa na kwamba zitarudi. Mimi nilinyamaza kazini kwa kuwahofia wateja, na kule kunyamaza kuliniumiza karibu sawa na bega.

---

Mzee wa Pangani amejibu:

Nimesoma kwa makini. Marehemu mama yangu aliugua bega hivi hivi, mkono haupandi wala haurudi nyuma. Alikandwa kwa mafuta ya nazi na kuvutwa na mkandaji aliyejulikana pwani nzima, na akapona akaendelea kulima na kusuka ukili mpaka uzeeni. Naomba tusiwadharau wakandaji wetu, kwa kuwa wamewasaidia watu tangu kabla ya hospitali kufika huku.

---

Fizio wa Moshi amejibu:

Shikamoo, mzee. Sikusudii kuwadharau, na ninaamini kwamba mama alipona kama unavyoeleza. Nina hoja mbili tu. Ya kwanza ni kwamba bega hili, kwa wagonjwa wengi, hufunguka lenyewe wakati wake ukifika. Mtu akivutwa katika kipindi cha tatu, mkono ulikuwa tayari unarudi, na sifa humwendea aliyekuwa akivuta wakati huo. Akivutwa katika kipindi cha kwanza, kama mwalimu, anapata mateso bila faida. Ya pili ni usalama. Wanawake wengi waliofikia ukomo wa hedhi wana mifupa iliyoanza kuwa tete bila wao kujua, na mkono uliokaza ukivutwa kwa nguvu unaweza kuvunjika karibu na bega au kuchanika kano.

Kukanda chenyewe hakuna ubaya. Mwalimu anaweza kurudi kwa mama yule na kumwomba amkande shingo, misuli ya juu ya bega na kandokando ya bapa la bega kwa mafuta ya uvuguvugu, polepole, bila kuugusa mkono wenyewe. Misuli hiyo huwa imekaza kwa kulilinda bega, na kuilegeza ni msaada wa kweli. Kwa njia hiyo hata shangazi hatakuwa amevunjiwa heshima.

---

Daktari wa Mifupa, Dar es Salaam, amejibu:

Ninaongeza yale yanayohusu hospitali, kwa kuwa swali la sindano linastahili jibu kamili.

Sindano za makalioni ulizochomwa ni dawa za maumivu zinazosambaa mwili mzima. Sindano ya kiungo ni jambo tofauti: ni dawa ya jamii ya steroidi, yaani ya kushusha uvimbe, mara nyingi ikichanganywa na ganzi, inayowekwa ndani ya kiungo chenyewe na mtu aliyefunzwa, kwa usafi wa hali ya juu, wakati mwingine akiongozwa na ultrasaundi. Manufaa yake ni makubwa zaidi katika kipindi cha maumivu, kabla kifuko hakijasinyaa sana, na nafuu yake hudumu kwa wiki kadhaa hadi miezi michache. Huo ndio muda wa kufanya mazoezi kwa bidii ya kiasi. Maambukizi ndani ya kiungo ni nadra lakini ni hatari, hivyo usikubali kuchomwa bega dukani au nyumbani kwa mtu. Ngozi inaweza kufifia rangi mahali sindano ilipoingia, na kwa mwenye kisukari sukari hupanda kwa siku kadhaa, kama fundi alivyoeleza vizuri sana.

Vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni husaidia, lakini kuvimeza miezi mfululizo kunaweza kudhuru tumbo na figo na kupandisha shinikizo la damu. Kama una vidonda vya tumbo, presha au tatizo la figo, sema kabla ya kuandikiwa. Parasetamoli ni salama zaidi kwa wengi, mradi usizidishe dozi.

Naunga mkono kwa nguvu zote suala la kupima. Bega hili huwapata watu wapatao wawili hadi watano katika kila mia, wengi wao wakiwa kati ya miaka 40 na 60, na wanawake zaidi kuliko wanaume. Kwa wenye kisukari makadirio hupanda hadi kumi na zaidi katika mia, na kwao huchelewa kupona. Omba sukari ya asubuhi kabla hujala, na ikiwezekana kipimo cha wastani wa miezi mitatu. Tezi ya thairoidi nayo ipimwe iwapo kuna dalili nyingine kama vile kuchoka kupita kiasi, kubadilika uzito au moyo kwenda mbio.

Wapo wanaouliza kuhusu upasuaji mapema mno. Njia zipo, ama kulinyoosha bega mgonjwa akiwa chini ya nusukaputi, ama kukikata kifuko kwa vifaa vinavyopitishwa kwenye matundu madogo. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020, wenye wagonjwa 503, ulilinganisha njia hizo mbili na fiziotherapia iliyoandamana na sindano ya steroidi. Baada ya mwaka mmoja makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu kubwa, na hakuna njia iliyoonekana kuzizidi nyingine kwa kiwango chenye maana kwa mgonjwa. Kwa mazingira yetu, ambapo upasuaji wa namna hiyo unapatikana katika hospitali chache na gharama yake ni kubwa, mimi humwelekeza mgonjwa wangu kwanza kwenye mazoezi na sindano, na upasuaji ninauzungumzia iwapo miezi mingi imepita bila bega kusogea.

Mwisho, kwa kuwa ni bega la kushoto: maumivu yanayokuja unapotembea haraka au kupanda ngazi na kutulia unaposimama, yakiambatana na kubanwa kifua, jasho au kukosa pumzi, hayo si ya bega na hayangoji kesho. Vivyo hivyo homa yenye bega jekundu na la moto, kukonda bila sababu, uvimbe katika titi au kwapani, au ganzi na udhaifu wa kiganja, vyote hivyo vinahitaji daktari mapema.

---

Mwalimu wa Tanga amejibu:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimeyasoma majibu haya pamoja na kaka na shangazi, na wote wawili wameridhika. Lile jaribio la viwiko nimelifanya, na mkono umekwama pale pale hata kaka aliposukuma. Nitakwenda hospitali ya Bombo hapa Tanga kuonana na kitengo cha fiziotherapia na nitapima sukari asubuhi hiyo hiyo kabla ya kula. Kwa mama anayekanda nitarudi kwa ajili ya shingo pekee. Usiku wa jana nililala na kanga chini ya kiwiko na niliamka mara chache kuliko kawaida.

Nimebaki na maswali mawili. Je, la kulia nalo litaganda? Na darasani nifanye nini, ikiwa ninaandika kwa mkono wa kulia lakini wa kushoto ndio unaoshika kitabu, rula ya ubao na madaftari ya wanafunzi sitini?

---

Fizio wa Moshi amejibu:

Bega moja likishaganda na kupona, ni nadra lile lile kurudia. La pili huwapata baadhi ya watu ndani ya miaka michache, na wenye kisukari wako katika hatari zaidi, lakini wengi hawapatwi. Ukianza kuhisi kichomi cha namna ile ile upande wa kulia, usikae nacho kwa miezi. Nenda mapema, kwa kuwa mapema ndipo sindano na dawa hufanya kazi vizuri zaidi.

Darasani, kitabu kiweke juu ya meza ndefu au dirishani, usikishike. Madaftari yabebwe na viranja, na ukiyasahihisha kaa huku mkono wa kushoto umelala mezani mpaka kwenye kiwiko. Ubao uuandike kuanzia usawa wa kifua. Rula ya ubao mpe mwanafunzi mrefu aishike. Wakati wa mapumziko ya saa nne, badala ya kukaa na mkono umeukumbatia kifuani, fanya zoezi la kuteleza viganja mezani kwa dakika tatu.

Swali la kupona nimelikumbuka, hukujibiwa vizuri. Watu wengi hurejesha mkono unaowatosha kwa kazi zote za kila siku, ingawa kwa muda wa mwaka mmoja hadi mitatu, na baadhi hubaki na upungufu mdogo wanaougundua tu wanapofika mgongoni au rafu ya juu sana. Mara nyingi kinachorudi kwanza ni usingizi, kisha kuinua mkono mbele, na kujifunga sidiria nyuma huja mwishoni kabisa, kwa hiyo usikifanye hicho kuwa kipimo chako.

Ukifika Bombo, mwombe fizio akupime kwa kipimapembe jinsi mkono unavyokwenda nje na mbele, na aandike nyuzi za pembe hiyo kwenye daftari lako la kliniki pamoja na tarehe. Baada ya wiki sita apime tena. Kwa macho mabadiliko ni madogo mno kuonekana, na wagonjwa wengi huacha mazoezi wakiamini hakuna kilichobadilika wakati mkono umeshaongeza nyuzi kumi.